Dawa ya Plastiki ya Loisi

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, tulifika hospitali tukakuta friji la dawa ya mke wangu limechomolewa umeme. Mlango wazi. Ndani kuna maandazi ya nesi.

Wakuu, hapo ndipo kila kitu kiliharibika.

Mimi mkulima wa kahawa, Ihanda. Shule niliishia la nne, mnivumilie. Jina la hospitali silitaji.

Mke wangu Loisi alikuwa na kansa ya titi. Dokta Nikodemo akatuita, akasema kuna dawa mpya ya utafiti, ya bure. Imefungwa ndani ya vipunje vidogo mno, macho hayavioni, vya aina fulani ya plastiki. Vinapita kwenye damu, vikifika kwenye uvimbe vinayeyuka taratibu, dawa inatoka.

Mimi nilisikia plastiki tu.

"Dokta, pale mpakani Tunduma mnawakamata akina mama na mifuko ya plastiki. Leo mnataka kuiingiza kwenye damu ya mke wangu?"

Akacheka. Akaniuliza, Loisi alipojifungua kwa kisu, ule uzi wa kumshonea ndani aliutoa nani.

Hakuna aliyeutoa. Uliyeyuka wenyewe.

Lakini roho ilikataa. Cha bure kutoka kwa wakubwa? Thubutu.

Loisi ndiye alinimaliza. "Baba Anyitike, wewe unaogopa plastiki. Mimi naogopa kufa. Kaa nje."

Nikakaa nje.

Wakuu, mwanamke aliinuka. Uvimbe ukanywea. Januari tuko naye shambani kwenye mahindi, ananisema napalilia kama mlevi.

Halafu ndiyo hiyo Jumanne.

Nesi akasema utafiti umefungwa, amri imetoka juu. Juu wapi, hajui. Dokta kahamishwa. Nikazungushwa ofisi hii na ile, mpaka mkubwa mmoja akaniambia nishukuru, kwani nililipa nini?

Juni tukamzika Loisi.

Agosti simu ikaita. Binti mpole, wa hao hao wa utafiti. Eti anafuatilia maendeleo ya mama.

"Baba, mama ni kati ya waliofanya vizuri kuliko wote. Majibu yake ndiyo tunawaonyesha wafadhili."

Nikamwambia yuko kaburini, dawa mliikata Machi.

Nikasikia anafunua karatasi.

"Pole sana, baba. Ngoja niwaulize wakubwa."

Mpaka leo hajapiga. Nikipiga mimi, haipokelewi.

Ndugu zangu, ukiletewa dawa mpya, usiishie kuuliza imetengenezwa na nini. Uliza itakuwepo mpaka lini, na nani anaweza kuikata.

Maana kama ilikuwa inamponya, na wao walijua inamponya, ni nani aliyesema basi?