Nimegombezwa getini kwangu mwenyewe

Jamani, leo nimegombezwa getini kwangu. Mie, bibi wa watu!

Iko hivi.
Tangu nistaafu unesi, jirani yangu hapa Kibamba, Mama Brayani, akishaanika nguo anatoka zake huku ananipigia kelele: "Bibi, mvua ikija nianulie, si upo tu!"

Upo tu. Kama kochi.
Na mie naanuaga. Na kuzikunja juu yake.

Leo nikaenda zangu mazoezi ya kwaya. Nimeimba mpaka koo limekauka, raha tupu. Huku nyuma mvua ikashuka.

Narudi, namkuta getini kwangu kakumbatia mashuka yanachuruzika maji. Shikamoo hakuna!
"Bibi, ulikuwa wapi?"
"Kwaya."
"Sasa si ungeniaga?"

Nimuage!
Miaka yote wodini nimeomba ruhusa, hata ya kwenda kuzika. Nimestaafu, sasa niombe ruhusa kwa kamba ya nguo?

Wastaafu wenzangu, hivi nyie mnamuagaga nani?

Kesho natoka tena. Sina pa kwenda, lakini natoka.
Na mvua inyeshe.