Kawa la mama limekuwa mali ya makumbusho

Leo nimepiga makofi huku tunaporwa.

Zaina, rafiki yangu anayefanya kazi makumbusho hapa Arua, aliazima kawa la mama, lile jekundu la kufunikia chakula cha Idi. Maonyesho ya mwezi mmoja tu, alisema.

Leo makumbusho walikuwa na sherehe ya kufunga mwaka wao. Nikamleta mama kutoka Koboko, amevaa leso mpya. Mkubwa wao akasoma orodha ya vitu walivyopewa: "Kawa la Koboko, zawadi ya kudumu." Nikapiga makofi kabla sijaelewa.

Aliyesaini kwa niaba yetu? Zaina. Nilipomtazama, akainamia simu yake.

Mama akaniuliza polepole, "Sasa Idi tutafunika chakula na nini?"

Nikamwambia amuulize Zaina. Si kila Idi yuko kwetu, anakula?

Nyinyi mngemkaribisha tena?