Gari yangu haikuwa na rivasi, mama mkwe akaisukuma

Wakuu, heshima zenu.

Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, apite uzi mwengine. Haya yamenikuta mwenyewe, hapa hapa Pemba, na nayaandika kwa ID isiyo na picha kwa sababu uso sina.

Wengi humu mnanijua kwa mdomo. Mimi ndiye yule, mtu akiuliza anunue gari gani mpya, naingia mbio kumwambia gari ni matunzo. Yangu mita ilikwama kwenye kilomita laki nne na ushei, na hiyo namba nimeitaja humu mara ngapi? Rejeta nimechomelea, mlango wa nyuma nafunga kwa kamba, na inawaka kila siku.

Majigambo matupu. Nikiyasoma leo natamani kuyafuta yote.

Kitu nisichowaambia ni kwamba gia ya rivasi ilikufa miezi mitatu kabla ya mkasa huu. Fundi wangu wa Chake alisema giaboksi ifunguliwe, gari ilale kwake siku mbili. Nikamwambia nitaileta. Sikuipeleka.

Na kweli mtu anaweza kuishi bila rivasi. Unaegesha pua ikitazama barabara. Ikishindikana unatafuta kilima, unaiachia irudi yenyewe, na Pemba vilima havikosi. Mke wangu akiniuliza mbona tunazunguka hivi kutafuta pa kuegesha, namwambia natunza gari. Hakujua kitu.

Sasa, mama yake anakaa Vitongoji. Nyumba iko mwisho wa kinjia chembamba kinachoteremka kutoka barabarani, na hakuna pa kutokea upande wa pili. Basi miezi yote hiyo nikienda kumsalimia, gari naiacha juu, nateremka kwa miguu.

Mama huyu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Baada ya kungoja sana akapata siku ya operesheni Unguja. Mke wangu akasema tukodi teksi impeleke bandarini Mkoani kwenye boti ya asubuhi.

Nikaja juu. "Mkwe wangu apande gari ya watu, na mie nipo?"

Siku yenyewe mke wangu alibaki nyumbani Chake na mtoto mchanga. Nimefika tu Vitongoji, simu yake: "Teremka na gari mpaka mlangoni. Mama haoni, usimpandishe kile kilima kwa miguu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikateremka tu na gari. Nilijua mbele ya nyumba kuna uwanja; sikuwahi kuujaribu bila rivasi, ila nikajipa moyo nitageuzia pale.

Uwanja mzima karafuu zimeanikwa! Msimu wa karafuu, mtu wa Pemba mimi, nilisahauje? Majamvi ya nyumba nne tano yamebanana, hapana hata pa kuweka mguu.

Mama akapanda. Nikawasha, nikakaa. Jirani yake, Bi Raya, aliyekuwa akizigeuza karafuu zake juani, akaniuliza, "Wangoja nini, baba? Si urudi nyuma ulikotoka?"

"Imegoma ghafla," nikasema. Wallahi ndivyo nilivyosema. "Labda mniondoshee majamvi nigeuze."

Wanawake wakaanza kuzoa. Lakini karafuu mbichi huwezi kuzichanganya na kavu, zitaharibika, na kila jamvi lina mwenyewe. Wakawa wanazoa moja moja kwa uangalifu, na saa inakwenda. Wanaume wote wako mashambani wanachuma.

Mara nikasikia mlango unafunguliwa. Mama kashuka, anapapasa bodi ya gari mpaka mbele.

"Wacheni karafuu za watu," akasema. "Njooni tusukume."

Nikamwambia mama hapana, tafadhali, hapana.

"Wewe kaa ushike usukani. Nani mwengine hapa ajuaye kuendesha?"

Hakuwepo.

Basi wakuu, mimi nimekaa kitini, na mkwe wangu, ambaye mbele yake hata kula naona haya, kaweka mikono kwenye boneti pamoja na wenzake wanne, buibui kalikaza kiunoni, anasukuma. Na kwa kuwa gari inarudi nyuma, tunatazamana. Ni kioo tu kati yetu. Wakichoka wanaweka jiwe kwenye tairi, wanahema, wanasukuma tena.

Nikashukuru kuwa hanioni vizuri. Halafu nikaona aibu kwa kushukuru jambo kama lile.

Mkoani tulikuta boti imeshatoka. Mke wangu akapiga. Kabla sijafungua mdomo, mama akaomba simu.

"Kosa langu, mwanangu. Buibui sikulijua nimeliweka wapi, tumelitafuta hata saa imepita. Mumeo alifika mapema."

Njiani kurudi nikashindwa, nikamwambia ukweli wote, tangu siku gia ilipokufa.

"Kumbe ni gari," akasema. "Mie nikisikia yasimama juu barabarani, kisha waja kwa miguu. Nlidhani waionea haya nyumba yangu. Alhamdulillahi."

Wakuu, nilisimamisha gari pembeni. Sikuwa naona mbele.

Wiki ile ile nikaipeleka kwa fundi. Siku mbili, kama alivyosema. Mama yeye kapangiwa tarehe nyengine, miezi miwili mbele, na mpaka leo anakwenda chooni kwa kupapasa ukuta. Sasa naegesha mlangoni kwake, na Bi Raya kaambiwa yale yaishie uwanjani.

Nililojifunza ni hili: ubovu wa gari ukiusema, watu watakucheka siku moja. Ukiuficha, yuko mtu ataubeba, na huchagui nani.

Wenye uzoefu na wakwe, nishaurini, nimwambie mke wangu au niache? Maana jana tena alikuwa anawahadithia wageni jinsi mama yake alivyokosa boti kwa kutafuta buibui. Wakacheka sana. Na mimi nikacheka nao.