Juu ya Karamu

Wiki yangu ya kwanza Kigali, mwenye nyumba wangu kule Gatsata alinigongea mlango asubuhi akaniomba karamu. Mimi nimelelewa Bukoba, Kiswahili nilifundishwa shuleni kwa kiboko, na karamu kwangu ni pilau, ndugu na jamaa, na mtu anayekula mpaka alegeze mkanda. Nikamjibu kwa adabu kwamba sijanunua hata jiko, karamu ningeiandaa vipi. Mama wa watu akanitazama kama aliyegundua amempangisha kichaa, kisha akachorachora hewani kwa kidole. Alitaka kalamu, atie sahihi mkataba wangu wa chumba.

Ndivyo ilivyo hapa. Kwa Kinyarwanda kalamu ni ikaramu, na ulimi uliozoea r hauoni sababu ya kuhangaikia l ya wengine. Nilicheka mwaka mzima. Nilikuwa nawasahihisha watu sokoni kana kwamba nimetumwa na wizara. Siku hizi sicheki, na nitasema kwa nini. Nikipandisha sauti mnisamehe, maana hasira yenyewe bado haijanitoka.

Kazi yangu ni kufasiri. Wageni wanaokuja kupiga filamu za maisha ya watu huniajiri nikae kando ya kamera, nipokee maneno upande huu na kuyatoa upande ule. Miaka michache iliyopita alikuja mwongozaji mmoja aliyetaka wanawake wanaojiuza wasimulie maisha yao wenyewe. "Kwa sauti zao wenyewe," alisema, na hilo neno "wenyewe" alilirudia mara nyingi hata nikampenda. Ila aliwahi kukaa pwani miezi kadhaa, akajifunza Kiswahili, na alikijua kwa kiasi kile kinachomfanya mtu asiulize.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa mwanamke wa Gitega, mtaa wa hapahapa Kigali. Alikuwa akinisuka nywele kila mwisho wa mwezi, na kazi yake nyingine hakuwahi kunificha. Alikulia Bujumbura, akaja na Kiswahili cha huko, na Kiswahili hicho ndicho alichozungumza na madereva wa malori pale Nyabugogo. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyemaliza sekondari akaanza kusomea uuguzi. Jirani mwenye mdomo akamwambia binti mama yake anafanya kazi gani. Binti akafunga begi, akahamia Kanombe kwa mama yake mkubwa, na mwaka mzima hakukanyaga Gitega. Simu ya mama yake hakuipokea.

Nilipomweleza habari ya filamu, nilidhani atakataa. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

"Nikikaa naye macho kwa macho, mdomo inakataa," aliniambia, vidole vyake vikiwa kichwani mwangu. "Lakini kwa kamera nitasema. Yeye ataangalia, atajua nilienda juu ya nini. Na wasifiche uso yangu, dada. Nikificha uso, ni kama naiba."

Basi nikajua alichokuwa anakitafuta. Hakutaka umaarufu, hakutaka kuhurumiwa na watu wa mbali. Alitaka mtoto wake arudi nyumbani.

Siku ya kupiga picha mwongozaji aliniambia nisifasiri, atamwelewa mwenyewe, mimi nikae tu kwa dharura. Nikakalia kidumu cha maji mlangoni. Saa nne asubuhi mwongozaji akamtolea mwanamke rangi ya mdomo, nyekundu kama nyanya, aliyoinunua yeye mwenyewe. Mwanamke akasema hapaki rangi. Akaambiwa apake, kamera inapenda rangi. Akaambiwa ajilaze kitandani atazame dirisha. Kisha sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni, kona ya chumba hichohicho, ikatolewa nje, eti inaharibu picha. Maharage yanaharibu picha! Kama mle chumbani kulikuwa na kitu kilichosimulia maisha ya mwanamke yule mwenyewe, kilikuwa ile sufuria. Nikatoka nayo mimi, nikaitua kwenye ngazi, na harufu yake ikaendelea kuingia ndani bila kuomba ruhusa.

Akasimulia, na alisimulia vizuri. Alikuwa akiuza parachichi kwa kikapu, akipanda na kushuka vilima vya mji. Mtoto akaugua homa, mtaji wote ukaishia kwenye dawa. Alipopona akarudi shule, lakini mtoto mwenyewe alikuwa na tabia moja, akacheka alipoisema: anatafuna vifuniko vya kalamu, anatafuna mpaka kalamu inapasuka na wino unamjaa mdomoni. Kalamu mbili kwa wiki. Siku moja hapakuwa na hela ya kununua nyingine wala pa kuazima, na mwalimu akamrudisha nyumbani.

"Akakaa hapo mlangoni, hapo kwenye dada amekaa," alisema akininyooshea kidole. "Hakulia. Angelia, labda ningevumilia. Alikuwa ananiangalia tu. Siku hiyo nikaenda. Nilienda barabarani juu ya karamu. Hakuna kingine."

Mwongozaji macho yalimng'aa. "Vizuri sana," akasema. "Rudia hiyo ya mwisho, polepole, ukitazama dirisha." Akarudia. Nililisikia lile neno mara mbili, na mara zote mbili nikanyamaza, nikidhani mtu aliyeisikia hadithi nzima hawezi kukosea mwisho wake. Nilikuwa mjinga. Mtu niliyepigia kelele l na r sokoni kwa mwaka mzima, siku ilipohitajika nikafunga mdomo.

Miezi ikapita, nikaletewa maandishi ya Kiingereza ya filamu, nikague tahajia za majina ya mitaa, basi. Parachichi hazikuwemo. Homa haikuwemo, wala mwalimu, wala vifuniko vya kalamu. Vilikatwa, vilikuwa virefu. Kilichobaki ni mwanamke mwenye mdomo mwekundu anayetazama dirisha na kusema alikwenda barabarani kwa ajili ya sherehe, za kula na kunywa na kucheza, hakuna kingine. Tena sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa jina la filamu.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikamwandikia: ni kalamu, ya kuandikia, ya mtoto. Akajibu kwamba ametazama kamusi, na kamusi inasema karamu ni sherehe. Kisha akanikumbusha kwa upole kwamba mimi mwenyewe, niliyelelewa Tanzania, ningesema hivyo hivyo. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nilimwambia, tena mara tatu. Barua ya tatu ilijibiwa kwamba filamu imeshafungwa, na kwamba sentensi ni nzuri jinsi ilivyo, kila mtazamaji ataielewa kwa namna yake. Kwa namna yake! Maisha ya mtu yamegeuzwa shairi la watu wasiomjua, na bado wanasema ni sauti yake mwenyewe. Hadi leo filamu hiyo inazunguka duniani na jina lilelile.

Mwanamke wa Gitega sikumwambia. Nilijidanganya kwamba wataona aibu wabadilishe. Ukweli ni kwamba niliogopa kumvunja moyo, na woga wangu nikauita huruma.

Ikaonyeshwa hapa Kigali Jumamosi moja mchana, kwenye ukumbi wenye viti vya kukunja na meza ndefu ya sambusa na soda nyuma. Mama alikuja amevaa mshanana, lile vazi la heshima la kufungwa begani, kama anayekwenda kwenye harusi ya ndugu. Binti alikuja na mama yake mkubwa, aliyemburuta kutoka Kanombe kwa maneno mengi. Alimpa mama yake mkono, akautoa haraka. Nikakaa katikati yao, mama kushoto kwangu, binti kulia.

Taa zikazimwa. Uso wa mama ukajaa ukutani, na midomo ikatembea, lakini sauti haikuwa yake. Walikuwa wameishusha chini, na juu yake mwigizaji mmoja akisoma Kiingereza kwa sauti nzito ya kuchoka na dunia. Mama hakijui Kiingereza. Binti anakijua. Mimi nilikuwa nikinong'ona kushoto, na kulia kwangu nikisikia pumzi za mtu anayejizuia. Sentensi ile ilipofika, binti aliliweka begi mapajani na kuishika mikanda yake.

Mama akaniinamia. "Nimesema ile ya karamu? Imefika?"

"Imefika," nikasema. Mungu anisamehe.

Taa zikawaka, watu wakapiga makofi, akaitwa mbele, nami nikapewa kipaza sauti nimfasirie. Mwanamke mmoja mgeni, kwa sauti laini ya mtu anayejiona ana huruma, aliuliza kama anazikumbuka zile sherehe, kama nyakati nyingine anazitamani.

Hapo nikachoka. Sikufasiri swali. Nilimgeukia nikasema, kipaza sauti kikiwa kimewashwa: "Dada, nimekudanganya. Haikufika. Wameandika kwamba ulikwenda barabarani kutafuta kula na kucheza. Karamu yako wameifanya sherehe, na ya mtoto na mwalimu wameitoa yote."

Ukumbi ukavuma. Wanyarwanda waliokuwemo walielewa papo hapo, nikaona mzee mmoja wa mstari wa mbele akishika kichwa. Mwongozaji akasogea karibu na kuninong'oneza nifasiri tu, nisiongeze yangu. Nilimtazama hadi akarudi nyuma hatua moja.

Mama hakulia, ingawa nina hakika kuna kamera iliyokuwa inaombea alie. Alisimama akiushika mshanana wake begani, macho yake yakitafuta mstari wetu. Binti alikuwa ameshasimama, begi begani, mwisho wa viti, upande wa mlango.

"Mtu anipe karamu," akasema.

Mwongozaji akageuka kutazama meza ya sambusa. Naapa. Aligeuka, hata akamwashiria mtu wa vinywaji. Ukumbi mzima, kuanzia mzee wa mbele hadi yule mhudumu aliyekuwa akiandika soda, mikono ilikuwa imeinuka, na kila mkono una kalamu.

Hakuchukua hata moja. Alikuwa akimsubiri mmoja. Pale mwisho wa viti binti akafungua begi, akapekuapekua, akatembea hadi mbele bila kumtazama mtu mwingine. Akamwekea mama yake kiganjani kalamu ya bluu, ya bei rahisi, ambayo kifuniko chake kilikuwa kimetafunwa kikawa bapa.

Mama akaigeuza, akakitazama kile kifuniko, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Bado unatafuna hii vitu?" akamwuliza.

Binti akajibu kitu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, uso wake ukiwa umezama kwenye bega la mshanana. Mwongozaji akanishika mkono, akaniuliza kwa haraka wamesema nini, wamesema nini.

Sikumfasiria.