Siku karatasi ya serikali iliposema kijijini kwetu hakuna mtu

Wakuu, salaam. Huu ni uzi mrefu, mwenye haraka apite. Nitakayoandika niliyaona kwa macho yangu mawili, na nikitia chumvi hata punje moja, mods waufute.

Nimechokozwa. Jana kuna mtu humu amecheka sana, eti serikali inahangaika kuweka takwimu kwenye website, nani atasoma PDF ya idadi ya vyoo. Watu wakamgongea like kibao. Nikaweka simu chini nikaenda kuosha vyombo. Nimerudi bado nina hasira. Basi nisikilizeni.

Turudi nyuma. Ni baada ya ile mvua ya El Nino, tisini na saba kuingia tisini na nane.

Mimi ni wa delta ya Mto Tana huku, kijiji cha karibu na Idsowe. Jina naliacha, wenyewe wako humu na wanapenda kesi. Nilikuwa msichana tu, nina form four yangu, mume yuko Gongoni kwenye kiwanda cha chumvi, mgongoni nina mtoto wa kwanza, Dhadho, miezi kumi hivi. Nyumbani nikiishi na baba mkwe.

Mto ulipopanda tulihama karibu wote, tukakaa juu kwenye mchanga, sisi na mbu. Maji yalipotoka tukashuka, tukaanza kukwangua matope ndani ya nyumba.

Ndipo habari ya surua ikaanza kuteremka. Wachungaji waliotoka upande wa Bangale na ng'ombe waliobaki walisema huko juu watoto wanazikwa. Nyinyi wa siku hizi surua mnaijua kwa jina. Sisi tulijua nyumba zilizolala na watoto watatu zikaamka na mmoja.

Tukasikia sista wa chanjo anakuja Idsowe. Nikatoka na Dhadho alfajiri, nikapanga foleni pale mpaka jua likasimama utosini. Zamu yangu ikafika. Sista akaniuliza natoka kijiji gani. Nikamwambia. Akashusha kidole kwenye karatasi yake, akakipandisha, akakishusha tena.

"Mama, nyinyi hamna dozi."

"Kwa nini?"

"Kijiji chenu kimeandikwa sifuri. Watoto sifuri, nyumba zenye watu sifuri."

"Sifuri, na mimi nimesimama hapa?"

"Nakuona. Lakini dawa imeletwa kwa idadi. Nikimdunga wako, wa Idsowe mmoja atarudi bila, na mama yake yuko hapo nyuma yako anatusikia."

Nikageuka. Kweli alikuwa ananisikia. Alikuwa amembana mtoto wake kifuani kama mimi ni mwizi.

Nilimwambia sista maneno ambayo siyaandiki. Aliyapokea yote, kisha akasema polepole, "Dada yangu, mimi ni wa kudunga, si wa kuhesabu. Waliohesabu wako Garsen. Nenda kawatukane wao, na uende haraka."

Kesho yake nilikuwa Garsen. Mtumbwi, halafu mguu, halafu trekta iliyobeba magunia, kwa sababu barabara ilikuwa bado imekatwa vipande. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kijani. Mlangoni karani kijana, shati limenyooshwa pasi, sijui stima aliitoa wapi.

Nikamweleza. Akasema takwimu za serikali ni siri mpaka Nairobi watoe. Nikamuuliza, siri kwa nani? Watoto wangu nizae mimi, halafu idadi yao iwe siri kwangu?

Akasema, "Mama, hizo ni procedure."

Nikaketi kwenye benchi lake, nikatoa ziwa, nikamnyonyesha mtoto. Kijana akaanza kuangalia dari. Nikamwambia nitanyonyesha hapa mpaka Nairobi watoe.

Ndipo akatokea mkubwa wake. Mtu wa makamo, wa bara, miwani imefungwa kamba nyuma ya kichwa. Watu wa Garsen walimwita Bwana Takwimu, hata jina lake la kweli nililijua baadaye. Hakuniuliza mengi. Alifungua kufuli ya kabati la chuma, akatoa karatasi pana zilizokunjwa, akazitandaza mezani mpaka zikaning'inia pembeni.

Wakuu, hapa naomba mnielewe. Mimi nilikuwa nimekuja kupigana. Maisha yangu yote nimeambiwa serikali haitujui, sisi wa delta tumesahaulika, na mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo.

Kumbe inatujua.

Kila kijiji kilikuwa pale, kuanzia Kipini kuja juu, mstari mmoja mmoja kwa wino wa bluu. Nyumba ngapi za makuti, ngapi za mabati. Ng'ombe wangapi walichukuliwa na maji. Kisima kipi kimeingiwa na chumvi. Idsowe nilikuta mpaka mashine ya kusaga, na pembeni imeandikwa "mkanda umekatika", na ni kweli, mkanda ulikuwa umekatika, nilipita hapo nikaona. Mtu alitembea kwenye matope yale yale yaliyotushinda sisi, akauliza, akaandika, akaenda.

Nilisahau kunyonyesha. Dhadho akalia, sikumsikia.

Nilikuwa sijawahi kujiona kwa juu vile, kama ndege anavyotuona. Halafu nikakumbuka kwamba kitu chote kile kilikuwa kimefungiwa kwa kufuli, na nyuma ya kufuli watoto wetu walikuwa wanasubiri kufa. Nilishangaa na kukasirika kwa pamoja. Mpaka leo sijui kilichozidi.

Nikafika kwenye mstari wetu. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho.

"Nani aliwaambia hivi?" nikamuuliza.

Akainama kusoma maelezo. "Karani alikwenda kwa mtumbwi, maji bado yako juu. Alimkuta mzee mmoja juu ya jukwaa la mahindi, mguu umefungwa leso nyekundu. Mzee akasema hakuna watu."

Wakuu, leso ile niliifunga mimi.

Mzee yule ni baba mkwe wangu. Alikuwa na jeraha mguuni, akakataa kuhama, akabaki kulinda nyumba.

Bwana Takwimu aliniona uso umebadilika, hakuuliza. Nikamwomba nakala. Akasema kutoa hawezi, kazi yake ingeisha. Akazungusha kalamu. Kisha akasema, "Lakini kosa kwenye hesabu yangu ni kazi yangu kulirekebisha. Nitakuja keshokutwa, na nitakuja na karatasi zote. Wewe waite watu."

Nilirudi nyumbani jioni, mzee anakula. Baba mkwe hapigiwi kelele, mnajua. Nikachutama mbali kidogo, nikaangalia chini.

"Baba, yule karani wa mtumbwi alikuuliza nini?"

"Aliuliza watu wako wapi. Nikamwambia hakuna watu."

"Na wewe?"

"Mimi ni mlinzi."

"Na watoto je? Aliuliza wangapi?"

Akaweka tonge chini. "Mto uko mlangoni, nitaje idadi ya watoto wa watu? Mto ukishajua una wangapi, unakuja kuchagua. Hata marehemu mama mkwe wako angefufuka kunigombeza."

 Hakuwa amedanganya kwa ubaya. Alikuwa anatulinda. Ndicho kilichoniuma zaidi, maana sikuwa na wa kumtukana.

Nikamwambia tu, "Baba, kwa ajili ya hiyo sifuri, Dhadho hana chanjo."

 Tonge lile hakulimaliza.

Keshokutwa yake Bwana Takwimu akaja, suruali imekunjwa magotini, karatasi ndani ya nailoni. Akataka kuzibandika kwa chifu. Nikamwambia kwa chifu wanakwenda wanaume wenye kesi, bandika kwenye ukuta wa ghala la mpunga, ndiko wanawake wanakotwanga. Akabandika huko. Akaniambia nisome mimi.

Nikasoma kwa sauti, jirani zetu kwanza. Watu wakaanza kucheka, eti fulani ana mabati, kumbe tajiri. Mwingine akasema kisima hicho kilishakufa, futa. Bwana Takwimu akafuta. Alipofuta, kicheko kikakatika. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona karatasi ya serikali ikifutwa kwa sababu mama mwenye mchi mkononi amesema.

Nikafika kwetu. Nikasoma sifuri zote. 

Mama Barisa ndiye aliyesema kwanza. Ni mama wa Kiorma, walikuwa wamepiga kambi nyuma ya mashamba yetu na ng'ombe wachache waliopona. Akasema, "Basi sisi ni majini. Bwana, majini hawaogopi surua, rudi kwako." Watu wakacheka kwa uchungu.

Bwana Takwimu akamuuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

Mama Barisa akamwangalia kama ametukanwa. Kwao pia watoto hawatajwi idadi, wala ng'ombe. Nikaona mambo yanaharibika.

Akasema, "Wangapi sijui. Nitakutajia wenyewe."

Akaanza. Barisa. Asha. Guyo. Kila jina Bwana Takwimu anapiga mstari mmoja mdogo. Akamaliza, akaja mwingine, akataja wake. Wapokomo, Waorma, Mgiriama mmoja aliyeolewa kwetu. Hakuna aliyesema namba. Majina tu, na vimstari vinajaa. Akina mama walisimama na michi yao, hakuna aliyetwanga, na kila jina likitajwa wengine wanaitikia "yupo". Sijui nani alianzisha. Yupo. Yupo. Niliposema Dhadho na umati ukajibu "yupo", nilimtoa mgongoni nikamwinua juu wote wamwone.

Mama mmoja akauliza waliochukuliwa na maji wanaandikwa wapi. Hakukuwa na nafasi yao. Bwana Takwimu akavua miwani, akageuza karatasi, akawaandika nyuma kwa majina kamili.

Jua likiwa limeshuka nikadhani tumemaliza. Umati ukapasuka katikati. Baba mkwe wangu, anachechemea. Akasimama mbele ya ukuta, kusoma hajui, akauliza mstari wetu ni upi. Nikamwonyesha. Akauwekea kidole.

Akataja jina lake na la baba yake. Akasema, "Siku ile nilikuwepo. Niandike."

Watu wote wakasema yupo.

Mtumbwi wa chanjo ulikuja wiki iliyofuata, dozi zikatosha. Surua ilipofika kwetu iliwakuta watoto wameshadungwa. Dhadho leo ana watoto wake na ananipigia kelele kwenye simu.

Lakini kuna kijiji chini yetu, kuelekea baharini, nacho kilikuwa kimeandikwa pungufu. Bwana Takwimu alipewa uhamisho kabla hajafika huko, na hakuna mwingine aliyewapelekea karatasi. Walikuja kutuomba majembe ya kuchimbia. Sisi tulikuwa nayo, tulikwenda nayo, tulichimba nao. Makaburi yale ni mafupi, wakuu.

Nilichojifunza ni hiki. Karani hukosea, na sisi tunaohesabiwa hukosea zaidi, kwa hofu na kwa mapenzi. Kosa kama hilo linarekebishwa kwa siku moja, ukutani, mbele ya wenyewe. Likifungiwa kabatini linaua. Kwa hiyo serikali ikiweka takwimu wazi mimi nasoma, na vyoo nasoma. Ila website peke yake haitoshi. Mama wa delta hana bundle. Zibandikwe anapotwanga, kwa Kiswahili, na mwenye kalamu asimame hapo awe tayari kufuta.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyecheka jana, nenda katafute mstari wa kijiji chenu, usome wanasema mko wangapi, urudi utuambie hapa kama ni kweli. Na wengine pia. Matusi napokea, ila njoo na mstari wenu.