Mgongo Ulioponywa Sultan Hamud

Mama yangu aliponywa mgongo kwenye mkutano wa injili pale Sultan Hamud, na tangu siku hiyo ukazidi kumuuma.

Mhubiri alisema mwenye imani atupe fimbo. Mama alikuwa na imani, akatupa fimbo. Akapanda jukwaani akashuhudia kwamba maumivu yamekwisha kabisa, watu wakaimba, na fimbo ikaokotwa, ikatundikwa ukutani kanisani kwetu, juu ya kiti cha mchungaji, iwe ukumbusho. Jioni alipofika nyumbani alishindwa kuinama avue viatu. Sasa angefanya nini? Aende kuomba arudishiwe fimbo?

Alichukua jembe. Kuanzia hapo hukumwona bila jembe. Sokoni na jembe, matangani na jembe, kwa jirani kunywa chai na jembe, anaegemea mpini kama mtu anayepumzika kidogo tu kabla ya kurudi shambani. Watu wa Makueni wanapenda mtu wa bidii. Walimsifu, wakamfanya mwenyekiti wa mwethya, wale akina mama wanaochimbiana mitaro ya shamba kwa zamu. Alisimamia mitaro mingi sana, akiwa wima.

Mimi nilikuwa mwalimu kule Kambu, na niliamini ameponywa kama walivyoamini wengine wote. Nilipojifungua, bila mume, nilimpelekea mtoto. Kwetu mtoto akiletwa, susu yake, yaani nyanya yake, humfunga mgongoni kwa leso hapo hapo, watu wakiona, na maneno yamekwisha: huyu ni wetu. Mama akasema ana vumbi. Kesho yake akasema ana mafua. Siku iliyofuata jua lilikuwa kali mno. Alimpakata vizuri, alimwimbia, lakini mgongoni, ng'o! Mama mmoja wa kanisa akamtania, "Kwani wewe, si ng'ombe haelemewi na nunduye?" Mama akacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Nikaelewa nilivyotaka kuelewa: anaona haya kumbeba mtoto asiye na baba. Niliumia, tena sana. Nikarudi Kambu, na kila likizo nilikuja nimenuna. Mtoto akaota meno, akatambaa, akatembea, akaanza kukimbiza kuku, na mgongo wa susu yake hajaujua.

Likizo moja niliingia jikoni nikamkuta mama amepiga magoti, mikono sakafuni, hawezi kuinuka. Kijana wangu alikuwa anamburutia jembe kutoka kwenye kona, bila haraka, kama kazi yake ya kila siku. Kumbe yeye alikuwa anajua.

"Mwaitu," nikamwambia, maana mama kwetu tunamwita hivyo, "kwani mgongo haukupona?"

"Ulipona. Sasa unauma."

"Tangu lini?"

"Tangu upone."

Nilitaka kwenda kuing'oa ile fimbo ukutani saa hiyo hiyo. Akaniambia nikae chini. Kuna watu waliookoka kwa sababu ya hiyo fimbo, akasema, utawaambia nini? Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema kifo kije tu, lakini kisipitie kanisani.

Nilikuwa nimesikia kwamba katika hospitali moja ya misheni kuna daktari mgeni aliyekuja na mashine ya migongo. Mama alikubali kwenda kwa sharti moja: mgonjwa niwe mimi, yeye ananisindikiza. Basi Jumapili nikaitwa mbele, nikawekewa mikono, wakaniombea mgongo kwa sauti kubwa. Mgongo wangu ulikuwa mzima. Nilisimama pale nimefumba macho kwa hasira, fimbo iko juu ya kichwa changu.

Daktari hakujua Kiswahili cha kutosha, kwa hivyo nilivalishwa joho la kijani nikaingia ndani kutafsiri. Mama alilala kifudifudi. Kwanza daktari aliyaona makovu mawili ya mviringo kiunoni akauliza ni ya nini. Ni ya msumari wa moto; mama yake mwenyewe alimchoma alipokuwa bado bibi harusi, kutoa maumivu. Daktari akaeleza yake: kuna neva nyembamba inayoingia kwenye kiungo cha uti wa mgongo, hiyo ndiyo inayobeba maumivu, atapenyeza sindano ndefu hadi hapo, ncha yake ipashwe moto kwa stima, neva inyamaze.

"Kwa hivyo ni kuchoma," mama akasema. "Mwambie sisi tulianza zamani."

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la chuma, kama betri ya lori, lina vitufe na waya. Haikuchoma kwanza. Kwanza ilipitisha stima kidogo, na mgonjwa alipaswa kusema kama hapo ndipo penye maumivu yake. Asiposema, daktari hachomi, asije akaunguza neva ya mguu.

Daktari akabonyeza. Nikauliza, "Panauma?"

"Bwana asifiwe, hapaumi."

Akasogeza sindano. "Na hapa?"

"Niliponywa," akasema mama, jasho linamtiririka.

Daktari akanitazama. Akasema kama haumi popote, anaitoa sindano, twende nyumbani. Nilichuchumaa hadi uso wangu ukawa karibu na wake.

"Mwaitu, hapa hakuna mtu wa kanisa."

"Na Mungu?"

"Mungu anajua. Si alikuwa Sultan Hamud?"

Daktari akabonyeza tena, na mama akasema kwa Kikamba, polepole, "Hapo. Panauma. Panauma sana, mwanangu." Akalia kwa sauti, na mimi nikalia, na daktari, ambaye hakuhitaji kutafsiriwa, akachoma.

Baadaye alituonya kwamba neva hukua tena. Maumivu huenda yakarudi baada ya mwaka au miwili. Mama akasema mwaka unatosha. Sikumuuliza unatosha nini.

Maumivu hayakuisha siku ile. Yalipungua taratibu, hadi Jumapili moja akaacha jembe nyumbani. Akatandaza leso, akainama, akamwambia kijana apande mgongoni. Mtoto alikuwa amevaa viatu vya kanisani, na miguu yake ilimfika mama karibu na magoti. Kanisani mchungaji akamwonyesha mama kwa kidole, kisha akaionyesha fimbo. Mama akasema amina.

Tukirudi nilimwambia bado anadanganya watu.

"Sikudanganya," akasema. "Nilishuhudia mapema tu."

Kilima chetu ni kikali, naye alikuwa anahema. Nikamwambia, mwaitu, mshushe, mtoto huyu anajua kutembea.

"Najua," akasema, akikaza fundo la leso. "Alijifunza kabla sijambeba."