Mafua ya Miaka Minne

Kosa langu la kipumbavu ni kwamba nilimdanganya mwanamke aliyekuja kunitibu, na huku nikijisifu kwamba ninapona haraka. Nilimdanganya kwa madumu ya maji, bidoni kumi na tisa.

Ngoja nieleze. Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu niache kazi ya kutunza depo, yaani stoo, ya shule, safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani hadi mlangoni kuangalia kama mvua inakuja. Hata hiyo ilikuwa imeanza kuwa ngumu. Chumbani kulikuwa na kalenda za miaka iliyokufa, mifupa ya miavuli, katoni za dawa, mifuniko ya termosi zilizovunjika zamani. Diplome yangu ya sekondari pia imo humo ndani. Sijaiona siku nyingi, lakini naamini haijatoka. Kati ya kitanda na mlango palibaki kijia kimoja, chembamba kuliko vijia vyote vya mtaa wetu wa Kadutu, na mimi nilikipita ubavu ubavu nikijiambia kwamba nimekonda.

Binti yangu aliyeko Kinshasa alinipigia simu ya video. Aliangalia nyuma ya kichwa changu, akauliza, "Papa, uko mu depo ya nani?" Nilimwambia niko salon, sebuleni kwangu. Hakucheka. Majuma mawili baadaye alikuwa amenitafutia psikologi, mama mmoja wa kituo cha afya ambaye kazi yake ni kuwasaidia watu waache mazoea yanayowafunga.

Nilidhani atakuja na wabebaji wa soko la Nyawera wabebe kila kitu. Alikuja na daftari. Alisema hatagusa chochote bila ruhusa yangu. Alisema pia kwamba hali yangu ina jina katika vitabu vyao, kwamba ni ugonjwa, na kwamba huzidi mtu akizeeka, hasa akiwa peke yake. Nilimjibu kwamba sisi wa Bukavu tumeishi miaka ya vita ambayo aliyetupa kitu leo alikilia kesho. Akakubali. Ila mfuniko bila termosi, akasema, haujamsaidia mtu yeyote kukimbia.

Dawa yake ilikuwa hii. Nishike kitu kimoja, niseme kwa sauti kwa nini nakitunza, kisha niseme woga wa kukiacha ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Halafu nikiweke katika katoni nje ya mlango, nikae na ule woga bila kukirudisha, na baada ya robo saa niseme tena ni ngapi. Mfuniko wa kwanza ulikuwa saba. Tukanywa chai. Ukawa nne. Siku iliyofuata nilikuwa nimeusahau kabisa, jambo ambalo liliniudhi. Zoezi lingine lilikuwa kupita mbele ya duka la dawa siku wanayotoa katoni tupu, na kurudi nyumbani bila kitu. Nilirudi mikono mitupu kama mtu anayetoka kuzika.

Aliniuliza pia mimi mwenyewe nataka nini, si yeye, si binti yangu. Sikufikiri sana. Nilisema nataka shirika lirudi kusali kwangu.

Shirika letu ni familia za Wakatoliki wa hapa mtaani. Kila juma tunasali nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Tangu mke wangu afe, kila zamu yangu ilipokaribia nilituma habari kwamba nina mafua. Mara ya kwanza waliniletea tangawizi. Mara ya pili waliniombea. Baadaye waliacha kuuliza, zamu ikawa inaruka mlango wangu yenyewe, na mimi nikawa nasikiliza nyimbo zao kutoka nyumba ya jirani, nikiimba sauti ya chini peke yangu katikati ya katoni. Mafua ya miaka minne. Sijui daktari angesema nini.

Basi tukapanga kusafisha mahali pa viti vinane, na siku ya sala ikawekwa. Nilifika mbali, sijidharau. Mwishowe zikabaki bidoni, kumi na tisa, za manjano, zimepangwa konani hadi kwenye dari. Kila nyumba hapa ina bidoni, kwa sababu robine, yaani bomba la mtaa, inaweza kukauka juma zima. Lakini zangu zilikuwa zimetoboka. Woga: tisa. Psikologi akasema tuanze na mbili tu.

Kiburi kikanishika, nikasema nitatoa zote. Kesho yake mchana nilizihamishia kwa jirani yangu, mama anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Nilimwomba anitunzie siku mbili. Alinitazama vile anavyotazama sambaza za juzi. Akazipokea.

Psikologi alipoona kona tupu, aliuliza woga ni ngapi. Nikasema mbili. Aliandika, akafunga daftari polepole. "Papa," akasema, "mimi sihesabu bidoni. Ninahesabu woga."

Alipoondoka nilikaa kwenye ile kona. Nilikohoa, na kikohozi kikanirudia kutoka ukutani. Kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia. Kwenye mshikio wa kila bidoni kuna kipande cha kitenge cha kijani. Mke wangu ndiye aliyekuwa anavifunga, ili bidoni zetu zisichanganyike na za wengine kwenye robine. Mafundo kumi na tisa ya mkono wake. Kuyaacha hayo, sijui ni namba ngapi. Namba za psikologi zinaishia kumi.

Siku ya sala nilifagia mara tatu. Nilipanga viti vyetu vinane, ambavyo nilikuwa nimesahau kwamba ni vya buluu. Saa kumi ya mchana nikawasikia wanapanda kilima. Mbele yao alikuwa jirani yangu, amebeba bidoni zote mgongoni, zimefungwa kamba, na ukanda kwenye paji la uso kama wabebaji wa sokoni. Siku mbili zilikuwa zimegeuka majuma mawili, na yeye ana chumba kimoja. Akazitua miguuni pangu. Wengine wakasimama nyuma yake na vitabu vyao vya nyimbo.

Nilikuwa mlangoni, nimeuziba. Neno mafua lilikuwa tayari kwenye ulimi. Badala yake nikasema ukweli: kwamba nilidanganya, kwamba siwezi kuzitupa, na nikawaonyesha mafundo. Hakuna aliyecheka. Nikaanza kuona jinsi watakavyogeuka kwa adabu, washuke kwenda nyumba nyingine, na zamu iruke tena, safari hii mpaka siku watakayokuja kunizika.

Jirani alifuta jasho. Alishika fundo moja kwa vidole viwili, akalitazama, akaliachia.

"Papa, bibi yako mwenyewe alinipatiaka hizi bidoni nizitupe, sababu zote iko na matundu. Wewe njo uliziokotaka ku bichafu. Alikuwa anakucheka kila siku. Sasa toka mu mulango tuingie tukae, magoti inaniuma."